Msitu wa Mariposa na Walinzi Wake

Tarehe 30 Juni 1864 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria fupi ambayo haikuhusu vita. Nchi ya Marekani wakati huo ilikuwa katika mwaka wa nne wa vita vya ndugu kwa ndugu. Majeshi ya Kaskazini na Kusini yalikuwa yakiuana huko Virginia, na magazeti yalijaa majina ya waliokufa. Sheria ile ililikabidhi jimbo la California bonde la Yosemite, pamoja na msitu mdogo wa miti mikubwa mno ulioko kusini ya bonde hilo, uitwao Mariposa, kwa sharti kwamba mahali hapo pawe pa watu wote, pa kutembelea na kujiburudishia, wala pasiuzwe milele. Ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali kuu ya nchi ile kuitenga ardhi ya pori kwa sababu ya uzuri wake tu.

Mwenye kuisoma sheria hiyo leo aweza kudhani kwamba mabwana wa baraza la Seneti walikuwa watu waliopenda sana miti. Sivyo. Seneta John Conness wa California, aliyeipeleka barazani, aliwahakikishia wenziwe kwamba ardhi yenyewe haina thamani yoyote kwa matumizi ya umma, kwa hiyo serikali haipotezi kitu kwa kuitoa. Tena akawakumbusha jinsi kipande cha mti wa namna ile kilivyopelekwa London kwenye maonyesho, na Waingereza wakakataa kusadiki; wakasema ni hila ya Wamarekani, kimeungwaungwa kwa mikono. Basi hoja zilizosikika barazani zilikuwa mbili: kwamba ardhi haifai kitu, na kwamba taifa limetukanwa. Uzuri ulikuwa umekwisha kujitetea wenyewe kwa njia nyingine. Mwaka wa 1861 mpiga picha Carleton Watkins alipanda milima ile pamoja na baghala waliobeba sahani zake kubwa za kioo, akawapiga picha mabonde na miti; na mwaka wa 1862 picha hizo zilionekana New York. Katika mojawapo yupo mtu mwenye ndevu, amesimama chini ya mti uitwao Grizzly Giant, naye si mkubwa kuliko sisimizi chini ya nguzo ya nyumba. Mtu huyo nitamrudia.

Kwanza yafaa kusema mti wenyewe ni mti gani. Wataalamu wa mimea huuita Sequoiadendron giganteum. Mimi nitauita msekwoya. Ni wa ukoo mmoja na mtarakwa wa milima yetu, ingawa anayewaona wawili hao hatawadhania ndugu. Huota wenyewe mahali pamoja tu duniani, napo ni mteremko wa magharibi wa milima ya Sierra Nevada katika jimbo la California, katika ukanda wenye urefu wa kilomita 400 hivi, aghalabu kwenye kimo cha mita 1,500 hadi 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hata huko haikuenea kama msitu mmoja. Imejikusanya katika makundi sabini na ushei, mengine yenye maelfu ya miti, mengine yenye miti isiyofika kumi. Msekwoya si mti mrefu kuliko yote, kwani binamu yake wa pwani ya California humpita. Wala si mzee kuliko yote, ijapokuwa wamehesabiwa waliopita miaka 3,200. Ukubwa wake ni wa kiwiliwili. Ule uitwao General Sherman una kimo cha mita 83.8, na shina lake ni mita za ujazo 1,487. Mbuyu wetu una unene, lakini unene wake huishia mapema. Msekwoya huchukua unene wa mbuyu na kupanda nao juu kupita minara. Na mti huo wote hutoka katika mbegu ndogo hivi kwamba mbegu 200,000 huenda kilo moja.

Wenyeji wa milima ile waliijua miti hii tangu kale. Kwa hiyo neno "kugundua" nitawaachia wanaolipenda. Habari zake zilienea kwa wageni mwaka wa 1852, mwindaji Augustus T. Dowd alipokuwa akimfuata dubu katika pande za Calaveras, akatokea ghafula kati ya miti ambayo wenzake, alipowasimulia, waliicheka kama ndoto ya mlevi. Ikambidi awadanganye kuwa ameua dubu mkubwa ajabu ili wakubali kumfuata. Mwaka uliofuata mti ule wa kwanza ulikatwa. Hapakuwa na msumeno wa kuutosha. Watu watano walitoboa shina kwa keekee ndefu, tundu kando ya tundu, wakafanya kazi hiyo siku 22. Duara zake zikahesabiwa zikawa 1,244. Kisiki kikalainishwa kikawa sakafu ya kuchezea dansi. Mwaka wa 1854 mwingine, uliopewa jina la Mama wa Msitu, ulijengewa jukwaa, ukachunwa gome ukiwa hai mpaka kimo cha mita 35. Gome likasafirishwa vipande vipande, likaunganishwa tena New York, kisha London, watu wakalipa kiingilio kulitazama. Likaungua huko London mwaka wa 1866 katika moto wa jumba la maonyesho. Mti wenyewe ulikuwa umekwisha kufa.

Kitendo kile cha kuchuna kiliwachukiza hata baadhi ya watu wa wakati ule, ambao hawakuwa wepesi wa kuhurumia miti. Mwanahistoria aweza kusema kwa haki kwamba ngozi ile iliyotembezwa kama ya mnyama aliyewindwa ilisaidia kuuokoa msitu wa Mariposa miaka kumi baadaye. Waliokuwa wamelipa kiingilio walipata kujua kwamba kitu kama hicho kipo, na kwamba chaweza kuuawa kwa faida ya wiki chache.

Jina nalo lina mambo yake, na msomaji wa lugha ataniwia radhi nikikaa hapo kidogo. Mwaka wa 1853 Mwingereza John Lindley aliuita mti huu Wellingtonia, kwa heshima ya yule Duke wa Wellington aliyefariki mwaka uliotangulia. Wamarekani walikasirika: jemadari wa Kiingereza anapewaje mti ambao hakuwahi hata kuusikia? Wakataka uitwe Washingtonia. Ugomvi ulikwisha kwa njia ambayo pande zote mbili hazikuitazamia, kwa maana ilionekana kwamba mti ni jamaa wa karibu wa ule wa pwani ambao Stephan Endlicher wa Vienna alikuwa amekwisha kuupa jina la Sequoia mwaka wa 1847. Endlicher hakueleza alilitoa wapi. Wako waliotafuta asili yake katika Kilatini. Lakini mtu huyo hakuwa mwanamimea tu, bali mwanafunzi wa lugha pia, aliyeandika sarufi ya Kichina, na wengi wamekubali kwamba alimkusudia Sequoyah, mtu wa taifa la Cherokee.

Sequoyah hakujua kusoma Kiingereza. Aliwaona wazungu wakizungumza kwa karatasi, akapania kuwatengenezea watu wake maandishi yao, na yapata mwaka wa 1821 alikamilisha mfumo wa alama 86, ambazo baadaye zikawa 85, kila moja ikisimama badala ya silabi. Watu wake walijifunza kwa muda mfupi sana, na mwaka wa 1828 wakawa na gazeti. Ni mfumo ambao ungaliifaa hata lugha yetu, ambayo silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kuliko ulivyofaa Kiingereza. Lakini maandishi hayakuwakinga Wacherokee. Mwaka wa 1838 walihamishwa kwa nguvu kutoka nchi yao, na wengi wakafa njiani. Basi mti wa California umebeba jina la mtu asiyefika California, wa taifa lililofukuzwa kwao. Nalo jina hilo linakaa vibaya, au labda linakaa vizuri mno, katika habari inayofuata.

Bonde la Yosemite lilikuwa na wenyewe. Walikuwa watu wa jamii ya Wamiwok na wenzao waliochanganyikana nao, wakiliita bonde lao Ahwahnee, na mkuu wao wa mwisho wa zama za uhuru aliitwa Tenaya. Dhahabu ilipopatikana California mwaka wa 1848, wachimbaji waliifurika nchi, wakamaliza wanyama na kufyeka mialoni ambayo matunda yake yalikuwa chakula cha wenyeji. Wenyeji wakapigana. Machi 1851 kikosi cha watu wa kujitolea, kilichoitwa cha Mariposa na kuongozwa na mfanya biashara James Savage, kiliingia bondeni, kikachoma vijiji na akiba za chakula, na kuwapeleka watu waliokamatwa katika uwanda wa mto Fresno. Wengine walirudi baadaye kwa siri au kwa ruhusa, wakaishi kama vibarua katika nchi yao. Miaka kumi na mitatu tu ilipita kati ya moto ule na sahihi ya Lincoln. Sheria ikasema mahali ni pa watu wote. Ila waliokuwa wamefukuzwa hawakutajwa.

Wenyeji wa pande za kusini, karibu na msitu wenyewe, yasimuliwa kuwa waliita miti hiyo "wawona," neno linaloigiza mlio wa bundi, kwa kuwa bundi ndiye mlinzi wake. Mlinzi wa pili, yule aliyewekwa na serikali, ni mtu wa ndevu katika picha ya Watkins: Galen Clark. Alikuja California akiwa mjane, akaugua mapafu, na daktari akamwambia ana miezi sita ya kuishi. Mwaka wa 1857 akahamia Wawona, mahali pa baridi na hewa safi, kufa huko kwa utulivu. Mwaka huo huo yeye na Milton Mann waliupita msitu mti kwa mti, wakaupa jina la wilaya yake. Clark hakufa. Mwaka wa 1866 alifanywa mlinzi rasmi wa bonde na msitu, kwa mshahara mdogo ambao hata huo haukufika kila mara, na akaishi mpaka Machi 1910, akibakiza siku chache kutimiza miaka 96. Alijichimbia kaburi mwenyewe katika makaburi ya Yosemite, akapanda misekwoya kulizunguka, kisha akalazimika kungoja miaka ishirini kabla ya kulihitaji.

Nimemtaja Clark kwa kirefu kwa sababu moja zaidi. Mwaka wa 1894 aliwaandikia wakuu wa Yosemite kuwaeleza jambo aliloliona kwa macho yake: kwamba bonde lilikuwa likijifunga kwa vichaka na miti michanga, na kwamba zamani halikuwa hivyo, kwa kuwa wenyeji walikuwa na desturi ya kuwasha moto mdogo ili kusafisha ardhi, waokote matunda ya mialoni na kuwaona wanyama. Clark aliwafahamu wenyeji; akiwa na umri wa miaka 90 alitoa kitabu juu yao. Barua ile ilikuwa na elimu ambayo vyuo vikuu vingeitafuta tena baada ya miaka sabini. Hakuna aliyeifuata.

Mgeni anayeutembelea msitu wa Mariposa siku hizi huacha gari lake karibu na lango la kusini la hifadhi, akapanda basi la pamoja kwa kilomita tatu na kitu, kisha akatembea kwa miguu. Zamani haikuwa hivyo: magari yaliegeshwa juu ya mizizi, na palikuwa na duka na gari la kukokota watalii kati ya miti. Msitu ulifungwa Julai 2015, lami ikafumuliwa, vijito vikarudishwa katika njia zake, na ukafunguliwa tena Juni 2018 baada ya kutumika dola milioni 40. Nilipoingia humo mimi, jambo la kwanza lililonigusa halikuwa ukubwa, kwa maana jicho halina kipimo cha kuupimia. Misonobari iliyosimama kando ni mikubwa tayari, nayo hulidanganya. Lililonigusa ni gome. Ni jekundu kama udongo wa bara, lenye nyuzi, na ukilisogelea waona ni mfano wa makumbi ya nazi. Unene wake hufika sentimita 60. Na karibu kila mzee ana jeraha la moto chini ya shina, pango jeusi ambalo watu kadhaa wangeweza kusimama ndani, huku juu yake matawi yakiendelea kuwa kijani.

Karibu na mwanzo wa njia umelala Fallen Monarch, ulioanguka karne kadhaa zilizopita na bado haujaoza, kwa sababu tanini iliyomo ndani yake huwakataa wadudu na kuvu. Mwaka wa 1899 kikosi kizima cha askari wa farasi kilipanda na farasi wao juu ya gogo hilo kupigwa picha. Mbele yake ni Grizzly Giant, wenye umri unaokisiwa miaka 3,000, umeinama upande kana kwamba unasikiliza. Tawi lake kubwa ni nene kuliko mashina ya miti mingi ninayoijua. Kisha mti wa California, uliotobolewa mwaka wa 1895 magari ya farasi yapite, nao bado u hai. Mwenzake wa sehemu ya juu, Wawona, ulitobolewa mwaka wa 1881 na ndugu wawili waliolipwa dola 75. Picha zake zilienea dunia nzima, na wengi wa rika langu waliiona kwanza misekwoya katika picha ya gari likipita ndani ya mti. Ulianguka katika majira ya baridi ya 1969, ukilemewa na theluji, baada ya kuishi miaka 2,100 hivi. Mwaka huo huo wa 1969 wakuu wa hifadhi walibomoa nyumba za kijiji cha mwisho cha wenyeji katika bonde la Yosemite. Anguko la mti ule lilijulikana kote duniani.

Usiku wa tarehe 15 Mei 1903 watu wawili walilala karibu na Grizzly Giant pasipo hema: Rais Theodore Roosevelt na John Muir, mwandishi aliyekuwa mtetezi mkuu wa milima ile. Muir alitaka bonde na msitu viondolewe mikononi mwa jimbo, ambalo lilivitunza ovyo, na kurudishwa kwa serikali kuu. Na mwaka wa 1906 ikawa hivyo. Si wengi kati yetu wanaojua kwamba wote wawili walishuka baadaye katika bandari ya Mombasa. Roosevelt alifika Aprili 1909 kuwinda, na yeye na mwanawe wakaua wanyama zaidi ya 500. Muir alifika mwanzoni mwa mwaka wa 1912, mzee wa miaka 73, bila bunduki. Alikuwa amekwisha kwenda karibu na maporomoko ya Victoria makusudi kuutazama mbuyu, kisha akapanda reli ya Uganda mpaka ziwani. Msafiri wa kwanza ana nafasi kubwa katika vitabu vyetu vya historia, naye wa pili hana hata mstari. Lakini fikira ya hifadhi isiyo na wakazi, ambayo Muir aliitetea nyumbani kwake, ilitufikia bila yeye: ndiyo iliyowatoa Wamasai katika Serengeti mwaka wa 1959.

Kabla ya kuwako idara maalumu ya hifadhi, ulinzi wa misitu hii ulikuwa kazi ya jeshi. Mwaka wa 1890 zilitengwa hifadhi tatu, ya Sequoia, ya General Grant na ya Yosemite yenyewe, na mwaka uliofuata wakaja askari wa farasi kuwazuia wachungaji na wakataji. Baadhi ya vikosi hivyo vilikuwa vya askari weusi. Mwaka wa 1903 hifadhi ya Sequoia ilikuwa chini ya Kapteni Charles Young, wa kikosi cha tisa cha farasi. Young alizaliwa mtumwa katika jimbo la Kentucky, Machi 1864, miezi mitatu kabla ya sheria ya Mariposa. Alikuwa mtu mweusi wa tatu kuhitimu katika chuo cha kijeshi cha West Point. Katika majira mamoja ya joto askari wake walimaliza barabara ya kwanza ya magari ya farasi kufika katikati ya msitu wa Giant Forest, kazi iliyokuwa imewashinda waliotangulia. Wenyeji wa pale walipotaka kuupa mti mmoja jina lake alikataa. Akawaambia wauite Booker T. Washington, na kama baada ya miaka 20 wangali na nia ile, ndipo waufikirie mwingine. Mti wa Young ulipewa jina mwaka wa 2004. Mwenyewe alikuwa amefariki Januari 1922 huko Lagos, akiwa kazini Afrika ya Magharibi.

Ni haki kuongeza kwamba barabara hiyo ilianzishwa na watu wa namna nyingine kabisa, jumuiya ya wajamaa wa Kaweah, walioingia milimani miaka ya 1880 wakiwa na ndoto ya kuishi kwa ushirika. Mti ambao leo unaitwa General Sherman wao waliuita Karl Marx. Hifadhi ilipotangazwa walipoteza ardhi, na mti ukabaki na jina la jemadari.

Ambako ulinzi haukufika, mambo yalikwenda vingine. Yapata thuluthi moja ya eneo lote la misekwoya ilikatwa. Katika bonde la Converse, lililokuwa labda kundi bora kuliko yote, kampuni za mbao ziliangusha miti mikubwa ipatayo 8,000 katika miaka ya 1890 na mwanzoni mwa karne ya 20. Na mbao zenyewe ni dhaifu! Msekwoya uangukapo hupasuka kama chungu. Sehemu kubwa iliachwa pale pale ilipolala, na iliyosalia ikawa vigae vya mbao, nguzo za ua na vijiti vya kutegemezea mizabibu. Kampuni hazikupata faida ya maana.

Msomaji ataona kwamba hadi hapa habari ni rahisi: shoka upande mmoja, sheria upande wa pili, na pale ambapo sheria ilishinda miti imesalia. Lakini walinzi, wakiwa na nia njema kabisa, waliongeza adui wa pili katika orodha yao, nao ni moto. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne kila moshi ulioonekana katika misitu ya hifadhi ulikimbiliwa na kuzimwa, na watu wakaona fahari. Miaka ya 1950 mwanachuoni Richard Hartesveldt aliletwa Mariposa kuchunguza kama miguu ya watalii inaidhuru mizizi. Aliona kwamba miguu haikuwa hatari kubwa. Hatari ilikuwa kwamba hapakuwa na watoto: wazee walisimama pasipo mche hata mmoja chini yao, na badala ya miche ilijaa misonobari myeupe yenye kupenda kivuli, matawi yake yakianzia chini kama ngazi.

Sababu yake ndiyo hii. Matunda magumu ya msekwoya, yaitwayo koni, hukaa mtini yakiwa mabichi na yamefumba hata miaka 20. Kindi huyatafuna na mbawakawa mdogo huyatoboa, hivyo mbegu chache hudondoka kila mwaka. Lakini mbegu kwa wingi hungoja moto. Joto hupanda, koni hukauka na kufunguka, na mbegu hunyesha juu ya udongo ulio wazi, wenye majivu na mwanga wa jua. Juu ya majani makavu yaliyolundikana mche haushiki. Makovu yaliyohifadhiwa katika duara za miti yaonyesha kwamba moto mdogo ulipita katika misitu hii kila baada ya miaka michache, mwingine wa radi, mwingine wa mkono wa wenyeji, mpaka katikati ya karne ya 19, yaani mpaka wenyeji walipoondolewa. Barua ya Clark ilikuwa kweli tupu. Mwaka wa 1963 kamati ya wataalamu iliyoongozwa na A. Starker Leopold iliishauri serikali kuurudisha moto katika hifadhi. Majaribio ya kwanza yakafanywa Redwood Mountain mwaka wa 1964, na Mariposa ikaanza kuchomwa kwa makusudi na kwa uangalifu mwaka wa 1971.

Uchomaji huo, hata hivyo, ulikwenda pole pole mno kuliko deni lililokuwako. Kuni za miaka mia zilikuwa zimelundikana, na ukame mkali wa miaka ya 2012 hadi 2016 ukaua mamilioni ya misonobari iliyoizunguka misekwoya. Agosti 2020 radi iliwasha moto ulioitwa Castle. Huo haukupita chini kama mioto ya kale, ulipanda vileleni. Wataalamu walipohesabu waliona kwamba misekwoya mikubwa kati ya 7,500 na 10,600 imekufa, yaani asilimia 10 hadi 14 ya yote iliyokuwako katika milima ile. Mwaka uliofuata mioto miwili mingine iliua kati ya 2,261 na 3,637. Septemba 2021 shina la General Sherman lilifungwa karatasi ya madini kama mzigo wa kusafirishwa. Kwa muda wa miezi 15 ilikufa miti mingi kuliko ile iliyoangushwa katika bonde la Converse, na yote ilikuwa imelindwa au kudhaniwa kuwa imelindwa.

Zamu ya Mariposa ilifika tarehe 7 Julai 2022. Moto ulianzia kwenye njia ya miguu upande wa chini wa msitu, ukaunguza karibu hekta 2,000 kabla haujazimwa. Mitambo ya kunyunyizia maji iliwekwa kuuzunguka Grizzly Giant. Miti yote yenye majina ilisalimika, na wazima moto walitoa sababu waziwazi: moto ulipofika sehemu zilizochomwa kwa makusudi mara kwa mara tangu 1971 ulikosa chakula, ukashuka chini, ukawa moto wa kutembea.

Kwingineko pamebaki ubishi ambao haujaisha. Katika baadhi ya misitu iliyoungua mno wazee wote wamekufa, koni zimeteketea pamoja na mbegu, na miche inayoonekana ni haba. Mwaka wa 2023 wakuu wa hifadhi za Sequoia na Kings Canyon walikata shauri la kupanda miche kwa mikono. Wapo wapenda pori wanaopinga, wakisema kwamba pori likipandwa na mtu huwa shamba, na kwamba haraka ya walinzi ndiyo iliyoleta msiba tangu mwanzo. Hoja yao si nyepesi. Lakini imejengwa juu ya dhana kwamba kabla ya mwaka wa 1851 misitu ile haikuwa na mkono wa mtu, na dhana hiyo historia haiikubali. Wazao wa watu wa Ahwahnee wapo, wengi wao katika wilaya hiyo hiyo ya Mariposa, na siku hizi baadhi yao huitwa na hifadhi kuwasha moto ambao babu zao walikatazwa kuuwasha.